Bipola na maamuzi ya pupa: Namna ya kujilinda kabla wimbi halijapanda

Kila mwaka, kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari, uvuvi hupigwa marufuku katika Ziwa Mweru na Mto Luapula ili samaki wapate kuzaliana. Kisiwani Chisenga, pale mto huo unapomwaga maji yake ziwani katika wilaya ya Nchelenge, kaskazini mwa Zambia, miezi hiyo mitatu ni ya kubana matumizi. Machi inapowadia nyavu hurejea majini, wachuuzi hufurika ufukweni, na fedha huanza tena kupita mikononi mwa watu, usiku na mchana.

Kwa wengi huo ni wakati wa faraja. Kwa mtu anayeishi na ugonjwa wa akili uitwao bipola, unaweza pia kuwa wakati wa hatari.

Chukua mfano wa mvuvi ambaye kwa siku tano mfululizo amelala kwa muda wa saa mbili tu kila usiku, na bado hajihisi kuchoka. Anazungumza bila kituo. Ana mpango wa kununua injini tatu za boti. Kabla jua halijachwa ameuza nyavu zake kwa bei ya kutupa, amegawa fedha za ada ya watoto, na amekopa nyingine kwa simu. Jirani atasema amelewa. Mwingine atasema amerogwa. Mkewe atasema hamtambui. Lakini ni yeye mwenyewe, wiki chache baadaye, atakayebaki na swali gumu kuliko yote: niliyafanyaje haya?

Bipola ni ugonjwa wa namna gani?

Bipola ni ugonjwa unaoyumbisha hisia, nguvu na fikra za mtu kati ya ncha mbili. Katika ncha ya juu, ambayo wataalamu huiita mania, mgonjwa hujawa na furaha isiyo na kiasi au hasira za ghafla, hulala kidogo, huzungumza kwa kasi na hujiona hashindwi na jambo. Hali hiyo hudumu kwa muda wa wiki moja au zaidi. Katika ncha ya chini huja sonona: huzuni nzito, uchovu, kukata tamaa, na wakati mwingine mawazo ya kujiua. Kati ya vipindi hivyo, mtu anaweza kuishi na kufanya kazi kama wengine.

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 40 duniani walikuwa wakiishi na ugonjwa huu. Mara nyingi huanza mwishoni mwa umri wa ujana au miaka ya mwanzo ya utu uzima, wakati ambapo mtu anaanza kujitegemea, kuoa au kuolewa, na kushika fedha zake mwenyewe.

Kwa nini pupa?

Wahenga walisema mwenye pupa hadiriki kula tamu. Methali hiyo inamwonya mtu anayeweza kujizuia. Katika mania, hata hivyo, uwezo wenyewe wa kujizuia huwa umedhoofika: raha inayotarajiwa huonekana kubwa mno, hasara huonekana ndogo, na ule muda mfupi ambao kwa kawaida hutenganisha wazo na tendo hupotea.

Ndiyo maana pupa ya bipola hujitokeza kwa sura nyingi: matumizi ya fedha bila mpango, mikopo, kugawa mali, ulevi, ngono isiyo salama, safari za ghafla, kuacha kazi, au maneno makali yasiyofutika. Mwanasaikolojia wa Marekani Kay Redfield Jamison, mtaalamu wa ugonjwa huu ambaye mwenyewe anaishi nao, alieleza katika kitabu chake An Unquiet Mind cha mwaka 1995 jinsi alivyonunua kwa pupa vitu asivyovihitaji, vikiwemo vifaa vingi vya kutibu watu walioumwa na nyoka. Elimu haikumkinga. Nchini Kenya, mwanaharakati Sitawa Wafula naye amezungumza hadharani kuhusu maisha yake na kifafa na bipola, akiwahimiza wengine wasijifiche.

Kutambua kwamba pupa ni dalili hakumwondolei mtu wajibu wa kurekebisha alichoharibu. Kunamwonyesha tu mahali pa kuanzia: kinga huwekwa siku za utulivu, kabla wimbi halijapanda.

Usingizi na kazi ya usiku

Miongoni mwa mambo yanayojulikana sana kuchochea mania ni kukosa usingizi. Katika Ziwa Mweru jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu chisense, dagaa wa ziwa hilo, huvuliwa usiku kwa kuwavuta kwa mwanga wa taa. Mvuvi anayekesha ziwani, kisha akashinda ufukweni akianika na kuuza, anajinyima kile ambacho akili yake inakihitaji zaidi.

Mwenye bipola akiweza, heri achague kazi za mchana: kushona nyavu, kuanika, kuuza, au kuvua samaki wengine wanaotegwa kwa nyavu za mchana. Asipoweza, basi alale saa zilezile kila siku, mahali penye giza na utulivu, na familia iuheshimu usingizi huo kama inavyoiheshimu dawa. Usiku mmoja wa kukesha bila kuchoka ni onyo. Usiku wa pili ni sababu ya kwenda kituo cha afya.

Si kila fadhaa ni bipola

Nchelenge ni miongoni mwa maeneo yenye malaria nyingi zaidi nchini Zambia. Malaria inapofika kwenye ubongo huweza kumfanya mtu aweweseke, atukane au apigane. Vivyo hivyo homa ya uti wa mgongo, athari za virusi vya Ukimwi, pombe na bangi. Kwa hiyo mtu aliyebadilika ghafla, hasa mwenye homa, apimwe malaria haraka kabla ya kuhitimisha kwamba ni ugonjwa wa akili, au kwamba ametupiwa jini.

Hatua za kuzuia pupa

Ufuatao ni mpango unaoweza kuandaliwa na mgonjwa pamoja na mtu anayemwamini, wakati akili imetulia.

Kwanza, andika dalili zako za awali. Kila mtu ana zake. Mmoja huanza kuimba usiku, mwingine hupiga simu kwa jamaa wote hadi Lubumbashi, mwingine hukasirikia wanawe. Orodha ya dalili tatu au nne ikikaa kwenye daftari la nyumbani, familia haitalazimika kubahatisha.

Pili, weka kanuni ya siku mbili. Uamuzi wowote mkubwa, kama kuuza boti, kukopa, kuvunja ndoa au kuhama, usubiri usiku mbili za usingizi wa kutosha na maoni ya watu wawili. Jambo jema bado litakuwa jema keshokutwa. Mtu akikuhimiza ulipe leo hii, hiyo pekee ni sababu ya kusubiri.

Tatu, iweke fedha mbali na mkono. Simu imeleta benki hadi kisiwani, na mkopo hupatikana bila mtu kuonana na yeyote. Weka kiasi kidogo kwenye simu, na akiba iwe mahali ambapo haitolewi na mtu mmoja. Vikundi vya kuchangiana, ambavyo Wazambia huviita chilimba, Watanzania upatu na Wakenya chama, husaidia kwa sababu fedha hutoka kwa zamu iliyopangwa. Nyavu na injini, ambazo ndizo mtaji wa nyumba, ziwe chini ya makubaliano kwamba haziuzwi bila idhini ya watu wawili.

Nne, chagua mlinzi wa kuaminika na umpe ruhusa mapema. Awe mke, mume, dada au rafiki. Makubaliano yaseme wazi atafanya nini dalili zikionekana, atashika nini, na atakirudisha lini. Ruhusa isiyo na mwisho huzaa unyang'anyi, na wapo ndugu waliotajirika kwa ugonjwa wa mwenzao.

Tano, epuka pombe na bangi, hasa siku za mauzo. Pombe huondoa kizuizi kidogo kilichobaki, huharibu usingizi na hugongana na dawa.

Sita, tafuta tendo mbadala. Msukumo ukija, ondoka sokoni, kaa kivulini na mtu mtulivu, punguza kelele na wageni. Lengo ni kurefusha ule muda kati ya wazo na tendo, hata kwa saa moja.

Dawa: manufaa na tahadhari

Mbinu hizi haziwezi kuchukua nafasi ya matibabu. Mwaka 1949 daktari wa Australia John Cade alichapisha matokeo ya kutumia lithiamu kwa wagonjwa wa mania, na hadi leo dawa hiyo ni nguzo ya tiba. Lakini inahitaji vipimo vya damu vya mara kwa mara, kwa kuwa tofauti kati ya kipimo kinachoponya na kinachodhuru ni ndogo. Anayeitumia akitapika, akiharisha au kupungukiwa maji kwa jua kali, kiwango chake huweza kupanda hadi kuwa sumu. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki nazo huongeza hatari hiyo. Mikono ikitetemeka sana, hatua zikayumba na fikra zikachanganyikiwa, huo ni wakati wa kukimbilia hospitali.

Mahali ambapo vipimo hivyo ni shida, wahudumu wanaweza kutumia dawa nyingine. Valproeti huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, na WHO imeshauri isitolewe kwa wanawake na wasichana wanaoweza kupata ujauzito. Kabamazepini huweza kupunguza nguvu za vidonge vya uzazi wa mpango, baadhi ya dawa za kupunguza makali ya Ukimwi, na hata dawa mseto ya malaria yenye atemetha na lumefantrini. Mwenye malaria amweleze mhudumu dawa zote anazotumia. Dawa za sonona zikitolewa peke yake, nazo huweza kumpandisha mgonjwa hadi kwenye mania.

Kosa linalojirudia ni kuacha dawa baada ya kupata nafuu. Anayesumbuliwa na madhara yake amweleze mhudumu ili kipimo kibadilishwe, asiiache ghafla.

Umbali na minyororo

Anayeishi Chisenga huhitaji chombo cha majini ili kufika bara ya Nchelenge, iliko Hospitali ya Misheni ya St Paul's. Hospitali kuu ya magonjwa ya akili nchini, Chainama Hills, iko Lusaka, takriban kilomita 1,000 kwa barabara. Ndiyo sababu WHO, kupitia mpango wake ulioanzishwa mwaka 2008, inahimiza wahudumu wa kawaida wa vituo vya afya wafundishwe kutibu magonjwa ya akili. Kwa familia, umbali huo una maana moja ya vitendo: dawa ichukuliwe kabla haijaisha, na nauli ya boti iwekwe kando.

Pale huduma inapokosekana, baadhi ya familia hukimbilia kamba na minyororo. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2020 ilionyesha kuwa watu wenye matatizo ya akili hufungwa kwa namna hiyo katika nchi zipatazo 60. Mwaka 2019 Zambia ilipitisha sheria mpya ya afya ya akili badala ya ile ya enzi za ukoloni. Sheria pekee, hata hivyo, haibadilishi lugha ya nyumbani. "Kaka, hujalala siku tatu, twende pamoja kituoni" humfikisha mgonjwa mbali kuliko "umeanza tena wazimu wako".

Baada ya wimbi kushuka

Mania ikipita, huacha madeni, aibu na mara nyingi sonona. Hiki ndicho kipindi cha kumkaribia mgonjwa zaidi. Akizungumzia kifo au kugawa vitu vyake kama anayeaga, asiachwe peke yake. Sumu na kamba viondolewe, na apelekwe kwa mhudumu wa afya siku hiyohiyo.

Madeni yaorodheshwe, wakopeshaji waelezwe ukweli, na malipo yapangwe kidogo kidogo. Aliyetukanwa aombwe radhi. Kisha daftari lifunguliwe tena na familia ijiulize: dalili ya kwanza ilionekana lini, nani aliiona, na kwa nini alinyamaza?

Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayoandikwa kwenye mpango wa msimu ujao, kabla Machi haijafika na taa za wavuvi kuwashwa tena ziwani.