Asili ya Neno "Geyser", na Maji Moto ya Serengeti

Katika wilaya ya Serengeti, mkoani Mara, iko kata iitwayo Majimoto, kwa ajili ya chemchemi ya maji moto iliyoko huko. Jina kama hilo liko pia Katavi, na Narok katika Kenya. Maneno ya kueleza kitu yamekuwa jina la mahali.

Katika Aisilandi mambo yalikwenda kinyume. Bonde la Haukadalur lina chemchemi moja ambayo wenyeji waliiita Geysir, kwa kitenzi chao geysa, yaani kufoka. Lilikuwa jina lake peke yake, kama mtu aitwavyo Yohana. Mwaka 1772 Uno von Troil, Mswidi ambaye baadaye alikuwa askofu mkuu wa Uppsala, alisafiri kisiwani pamoja na Joseph Banks, Mwingereza. Barua zake juu ya safari ile zilitolewa kwa Kiingereza mwaka 1780, na tangu hapo Waingereza wakaziita chemchemi zote za namna ile kwa jina la moja, hata zile za ziwa Bogoria katika Kenya.

Wako walimu wanaofasiri neno hilo "chemchemi ya maji moto", basi. Mtoto wa Mugumu akisoma hivyo atadhani Geysir ni kama maji ya kwao yatiririkayo. Sivyo. Maji ya Geysir hubanwa katika mfereji mwembamba chini ya ardhi. Uzito wa maji ya juu huyazuia yasichemke ijapokuwa yamepita digrii 100, hata mwisho mvuke huyarusha juu kwa nguvu. Geysir imetulia kwa sehemu kubwa siku hizi, bali jirani yake Strokkur hurusha maji kama mita 20 kila baada ya dakika chache. Maana ya Strokkur ni chombo cha kusukia maziwa. Wafugaji wa Tarime hawatahitaji kuelezwa zaidi.

Je, tulitwae neno lenyewe? Waingereza hulitamka "giza", nasi twaogopa kumfundisha mtoto habari za giza la maji moto. Twaona ni heri kutumia kitenzi chetu, kama walivyofanya watu wa Haukadalur, tuseme "chemchemi ifokayo". Kububujika hakutoshi, maana hata maji baridi hububujika. Kufoka kwasemwa juu ya chungu kilichozidiwa na moto, na juu ya mtu mwenye hasira. Nacho kitenzi geysa kina ukali uo huo.