Wiki za Mwanzo za Pamba: Namna ya Kuilinda Miche Iliyopandwa Mapema

Mkazi wa Buguruni mwenye shamba la pamba Maswa, Bariadi au Kwimba hulisimamia kwa simu na kwa fedha anazotuma nyumbani. Mara nyingi, mche unapotokeza tu, ombi la kwanza kutoka shambani huwa ni dawa ya wadudu. Katika wiki za mwanzo, hata hivyo, fedha hiyo huwa na matumizi bora zaidi.

Karibu pamba yote ya Tanzania hulimwa Kanda ya Magharibi, ambako wakulima hushauriwa kupanda kati ya Novemba 15 na Desemba 15. Anayepanda mapema huipa mimea muda wa kuchanua na kujaza vitumba kabla mvua hazijakatika. Gharama yake ni kwamba mche hukutana na mvua zisizotulia: kunyesha siku tatu, kisha jua kali majuma mawili. Ni vyema kusubiri udongo uloane vya kutosha, badala ya kukimbilia manyunyu ya kwanza, na kufuatilia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania.

Mkazo wa mche hutegemea sana udongo. Kwenye luseni, udongo wa kichanga wa Usukumani, maji hupotea upesi na mche hunyauka mchana. Kwenye mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi, tatizo huwa kinyume chake: maji husimama, mizizi hukosa hewa na majani hugeuka manjano. Mkulima wa luseni hufaidika na matuta yaliyofungwa kwa vizuizi vya udongo katikati, yanayolazimisha maji kuzama yalipoangukia. Wa mbuga huhitaji mifereji ya kuyatoa. Mbegu ifukiwe sentimita 2 hadi 3 tu. Ikizama zaidi, hasa mvua kubwa inapoacha gamba gumu juu ya ardhi, mche huishiwa nguvu kabla ya kuona jua.

Nafasi inayohimizwa sasa ni sentimita 60 kwa 30, miche miwili kila shimo, yaani takriban miche 44,000 kwa ekari. Idadi hiyo haipatikani kwa kupanda pekee. Mashimo matupu yarudishiwe mbegu mara tu miche mingine inapoota, kwani mche uliochelewa hufunikwa na wenzake. Miche ya ziada ing'olewe wiki ya pili au ya tatu, udongo ukiwa na unyevu, na palizi ya kwanza ifanyike wakati huohuo. Magugu ndiyo mshindani mkubwa wa maji katika kipindi hiki, na kwa maoni ya mwandishi, kibarua wa palizi anastahili kulipwa kabla ya muuza dawa.

Wadudu wapo, lakini hawafanani. Sota hukata shina usiku usawa wa ardhi na kujificha kwenye udongo mchana. Fukua pembeni mwa mche ulioanguka, utamkuta amejikunja. Jongoo hutafuna mbegu zinazochipua. Vidukari hujazana chini ya majani machanga, wakiyakunja na kuacha utomvu unaonata. Chawa jani hunyonya majani hadi kingo zinageuka manjano, kisha nyekundu.

Dhidi ya chawa jani, kinga kuu imo ndani ya mbegu yenyewe. Watafiti wa Ukiriguru, wilayani Misungwi, kwa miongo mingi walichagua mimea yenye vinyweleo vingi kwenye majani, vinavyomzuia mdudu huyo kunyonya na kutaga. Aina za pamba zenye jina la UK zimetokana na kazi hiyo. Anayepanda mbegu za kuokoteza hana uhakika wa kinga hiyo.

Kupulizia miche mapema bila kuikagua huua pia buibui na mbawakawa wadogo wenye madoa wanaokula vidukari. Vidukari huongezeka upya haraka kuliko maadui wao, na dawa huwa imekwisha funza wa vitumba wanapofika. Hivyo shamba likaguliwe kila wiki kwa kupita sehemu mbalimbali na kugeuza majani. Miche mingi ikionekana kudumaa na kukunjamana, afisa ugani aitwe kabla ya kupulizia.

Kwa anayenunua kiuatilifu katika maduka ya pembejeo ya Kariakoo ili kikapakiwe basi la mikoani, chupa iwe na lakiri yake, tarehe ya mwisho wa matumizi na maelezo yanayotaja pamba, na bidhaa iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Dawa iliyomiminwa katika chupa ya maji ya kunywa isinunuliwe, hata kwa nusu bei. Kabla ya kununua, apige simu kwa chama cha msingi cha ushirika kijijini kwake, kwani huenda viuadudu vimekwisha kufika huko.