Ukidedi Faerûn Roho Inaenda Wapi? Rada Yote ya Kelemvor na Ule Ukuta

Ka umecheza Baldur's Gate 3 unamjua Withers. Yule mzee mkavu wa kaburini, sauti ya taratibu, anakaa kambini akingoja umletee maiti. Unampea dhahabu 200, msee wako anaamka, mnaendelea na safari. Wengi humchukulia ka duka tu ya kurudisha watu. Lakini swali lenye anakuuliza mkipatana mara ya kwanza, kwamba uhai wa mtu mmoja uko na thamani gani, haliko hapo kujaza nafasi. Hiyo dunia iko na mfumo mzima wa kulijibu. Kuna karani, kuna hakimu, kuna jiji, na kuna adhabu moja yenye imefanya mashabiki wabishane miaka na mikaka.

Dunia yenyewe inaitwa Forgotten Realms. Aliyeibuni ni Ed Greenwood, Mkanada aliyeanza kuiandikia stori akiwa bado mtoto miaka ya 1960. Kampuni ya TSR, yenye ilitoa Dungeons & Dragons mwaka wa 1974, ikaichapisha rasmi 1987. Sayari ni Toril, na bara lenye mambo mengi hutokea ni Faerûn. Baldur's Gate, Neverwinter na Waterdeep zote ziko huko.

Kabla tufike kwa hukumu, shika hii moja: huko hakuna mtu anauliza ka miungu iko. Iko. Kuhani akiomba, kidonda kinafunga ukiangalia. Kuna mwaka miungu karibu yote ilitupwa chini ikatembea barabarani na wasee wakaiona. Na si lazima uombe mmoja tu. Baharia atamtupia Umberlee sadaka ndio asizamishwe, hata ka hampendi. Mkulima atamwomba Chauntea mavuno. Lakini siku ya kufa, mmoja ndiye anakuja kukuchukua. Ka yuko.

Stage ya roho

Ukishadedi, roho inaondoka Toril na kutokea mahali panaitwa Tambarare ya Fugue. Usitarajie moto ama vinanda. Ni uwanja wa kijivu, flati, hauna mlima wala mti, na jiji moja limesimama huko, Jiji la Hukumu. Roho zinazurura hapo zikingoja. Halafu wajumbe wa miungu wanaingia na kila mmoja anaita watu wake, ni ka manamba kwa stage: wa Lathander pande hii, wa Sune pande ile. Ukiitwa unaenda na hiyo gari. Ulimfuata Tempus, mungu wa vita, unaishia kwa Tempus.

Kenye watu wengi hawanotisi ni kwamba hapo hakuna kesi. Hakuna mtu anapima matendo yako mazuri na mabaya. Muuaji aliyemwabudu Bhaal, mungu wa mauaji, kwa moyo wake wote, anaitwa na Bhaal na anaenda kwa Bhaal. Alikuwa mwaminifu, basi. Ni kweli makao ya Bhaal si mahali ungependa kulala hata usiku mmoja, lakini hiyo ni yake.

Huo muda wa kungoja pia ndio mara nyingi wasee hurudishwa. Kwa kanuni za toleo la tano, uchawi wa Revivify unafanya kazi ndani ya dakika moja baada ya kifo na unakula almasi ya dhahabu 300. Raise Dead inakupa siku 10, almasi ya 500. True Resurrection inaweza kumtoa mtu aliyekufa hadi miaka 200 iliyopita, lakini hapo unahitaji almasi za dhahabu 25,000, na hiyo ni pesa ya wafalme. Doh pekee pia haitoshi. Roho lazima iwe huru na ikubali kurudi. Msee anaweza kuwa ametulia kwa mungu wake, akasikia mbogi yake inamwita arudi kupigana na dragoni, na akasema zi.

Pia kuna mashetani kwa hiyo stage, na wako na ruhusa. Wanatembea kati ya roho wakiuza mikataba: ka unaogopa yenye inakungoja, njoo Jehanamu Tisa, uanze chini kabisa ka lemure, nyama tu ya kutambaa isiyo na akili, lakini kuna ngazi na unaweza kupanda. Ukishtuka vizuri utaona hao mashetani hawana haja ya kukudanganya. Hofu yako inawafanyia kazi. Mapepo ya Abyss nayo hayaombi ruhusa, huvamia tu na kuiba roho.

Wale hawaitwi

Gari zote zikiondoka na wewe bado umesimama, unaingia Jijini mbele ya Kelemvor, bwana wa wafu. Sasa hapo ndio kuna hukumu, na makundi ni mawili.

La kwanza ni Wanafiki, wale walikuwa na mungu wakamsaliti ama wakamuigiza tu. Hao wanabaki Jijini milele na adhabu yao inalingana na makosa yao. Mwingine anaishi tu ka mkaazi wa kawaida, mwingine anateswa vibaya.

La pili ni Wasioamini, wale hawakumpa mungu yeyote moyo. Hao wanapelekwa kwa Ukuta. Ni ukuta unaozunguka Jiji, na umejengwa kwa roho zenyewe, zimepangwa moja juu ya nyingine ka mawe na kushikanishwa na ukungu wa kijani. Ukiwekwa hapo unaanza kuyeyuka pole pole. Mwisho wake si mateso ya milele. Mwisho wake ni kwamba hauko tena.

Sasa weka hao wawili kwa mizani. Mkunga amezalisha kijiji kizima miaka 40, hakuitisha mtu hata sarafu, lakini hekalu hakujali: anageuzwa jiwe la ukuta. Yule muuaji wa Bhaal ana kwao. Hapo ndipo ngori ilianzia.

Nani alijenga hii kitu?

Si Kelemvor. Mungu wa kwanza wa wafu alikuwa Jergal, akachoka na kazi. Wasee watatu, Bane, Bhaal na Myrkul, wakampandia wakitaka kiti, na yeye badala ya kupigana akawagawia madaraka yake. Bane akapata ubabe, Bhaal mauaji, Myrkul wafu. Jergal akabaki karani, anaandika majina ya waliokufa. Ukuta ni wa Myrkul.

Mwaka wa 1358 kwa kalenda ya huko, Bane na Myrkul waliiba Mabamba ya Majaaliwa kutoka kwa Ao, mkubwa wa miungu yote, na Ao akatupa miungu chini kwa hasira. Hiyo ndiyo ile mwaka nilitaja. Myrkul akauawa na Midnight, mchawi binadamu. Mwenzao wa safari, Cyric, akakuwa mungu mpya wa wafu, na ndiye pia alimuua Kelemvor, ambaye wakati huo alikuwa tu mpiganaji wa kukodiwa. Miaka kadhaa baadaye wakaazi wa Jiji walichoka na wazimu wa Cyric, wakaasi, na Kelemvor akachukua kiti.

Na Kelemvor alijaribu, lazima apewe hiyo. Alianza kuhukumu kwa huruma: ulikuwa mtu poa, unatendewa poa, uwe na mungu ama usiwe. Kwa macho yangu hiyo ndiyo haki pekee imewahi kuonekana kwa hilo jiji. Lakini mashujaa wakaacha kuogopa kifo na kuanza kutupa maisha yao ovyo, na watu wakaona hakuna haja ya kuabudu. Miungu wenzake wakamfikisha kwa kesi. Akabadilika, akakuwa yule hakimu baridi tunayemjua, na Ukuta ukaendelea.

Kwa nini waliwasha moto hivyo? Baada ya ile vurugu, Ao aliweka sheria kwamba nguvu ya mungu inatoka kwa waumini wake. Waumini wakipungua, mungu anafifia. Ukijua hiyo, Ukuta unaonekana vile uko: si adhabu ya dhambi, ni ada ya ulinzi. Lipa ibada ama uone. Wanaoutetea husema bila ibada miungu ingekufa na jua, mavuno na uchawi vingeyumba. Inaweza kuwa kweli, lakini yule mkunga hakuvunja chochote.

Gemu moja ilichukua hii hasira ikaifanya stori nzima: Mask of the Betrayer, nyongeza ya Neverwinter Nights 2 iliyotoka 2007 kutoka kwa Obsidian. Kuna kuhani wa Myrkul, Akachi, ambaye mpenzi wake aliwekwa kwa Ukuta. Akakusanya jeshi akavamia Jiji la mungu wake mwenyewe. Alishindwa, na adhabu aliyopewa ndiyo laana unayobeba ukicheza. Unaweza kufika pale na kupigana, lakini Ukuta wenyewe hauangushi. Wachezaji waliwaka, na wengine bado wamewaka hadi leo.

Wenye mali walisoma hewa pia. Kitabu cha Sword Coast Adventurer's Guide cha 2015 kilikuwa kimeutaja Ukuta, na kwa masahihisho ya 2020 sentensi hiyo ikafutwa kimya kimya. Hakuna stori ya nani aliubomoa. Kwa hivyo ukiendesha mchezo na mbogi yako mezani, ni wewe unaamua ka uko ama hauko. Ushauri wangu: amua mapema, kabla mtu adedi, juu katikati ya msiba watu hawataki kuskia kanuni mpya.

Kwa Baldur's Gate 3 Ukuta hauko mbele yako, lakini familia yote imekuja. Maadui watatu wakubwa ni wateule wa Bane, Bhaal na Myrkul. Na ka hujamaliza gemu ruka hii: Withers anaoneshwa mwishoni akiwacheka hao miungu watatu ka watoto aliowapa mali wakaitapanya. Ni Jergal huyo, karani mwenyewe, anafuatilia hesabu yake.

Ukitengeneza mhusika, gemu inauliza mungu wako ni nani ka umechagua kuwa kuhani peke yake. Wengine wote haiwaulizi. Fikiria Astarion: miaka 200 mtumwa wa vampaya, na anakwambia mwenyewe aliomba kila mungu aliyemjua na hakuna hata mmoja alimjibu. Kwa sheria ya zamani, asipoitwa pale Fugue, Kelemvor angemuuliza alikuwa wa nani.