Redio ya Babu na Chaneli za Telegram

Usiku wa tarehe 4 Machi 2022 mama mdogo alinipigia simu kutoka Morogoro. Hakunisalimia. "Mwanangu, wewe ndiye unayekesha kwenye simu. Hebu niambie, barabara ya kutoka Sumy iko wazi?"

Sumy ni mji wa kaskazini-mashariki mwa Ukraine, karibu na mpaka wa Urusi. Mwanawe, mdogo wangu, alikuwa huko akisomea udaktari pamoja na mamia ya wanafunzi kutoka Afrika na India. Majeshi ya Urusi yalivuka mpaka tarehe 24 Februari, na tangu hapo alikuwa akilala kwenye chumba cha chini ya ardhi katika bweni lao. Mimi, kitandani kwangu Dar es Salaam, nilikuwa nimejifanya jenerali. Nilifuata chaneli za Telegram za Waukraine na za Warusi, nikazitafsiri kwa programu ya simu, na kila jioni nikatazama ramani zikibadilika rangi.

Nikamjibu mama mdogo kwamba barabara iko wazi. Nilikuwa nimesoma hivyo kwenye chaneli moja ya upande wa Ukraine, kisha nikakuta nyingine tatu zinasema vilevile. Kesho yake mdogo wangu na wenzake wanne walitoka na mabegi mgongoni. Hawakufika mbali. Walisikia mizinga mbele yao, wakageuka, wakarudi mbio kwenye theluji. Nilipozirudia zile chaneli tatu nikaona zote zilinakili ile ya kwanza, neno kwa neno. Nilikuwa nimemhesabu shahidi mmoja mara nne.

Mama mdogo hakunilaumu. Ila siku mbili zilizofuata hakunipigia.

Nilijiuliza kwa nini sikukagua. Jibu lilikuwa kwenye simu yangu. Siku za mwanzo za vita nilikuwa nimesambaza kwenye kundi letu la WhatsApp video ya rubani aliyeitwa Mzuka wa Kyiv, aliyedaiwa kuangusha ndege za Warusi moja baada ya nyingine. Video ile ilitoka kwenye mchezo wa kompyuta, na mwishoni mwa Aprili jeshi la anga la Ukraine lenyewe lilisema rubani huyo ni shujaa wa ngano, aliyetungwa na wananchi. Niliwalilia pia walinzi 13 wa Kisiwa cha Nyoka, ambao Rais Zelensky alitangaza kuwa wamekufa. Siku chache baadaye jeshi la majini la Ukraine likathibitisha kwamba walinzi wa kisiwa hicho wako hai, wametekwa. Habari hizi zilitoka upande niliouombea ushindi, ndiyo maana nilizipokea bila kubisha hodi.

Ufundi wa kukagua ulikuwepo tayari. Mwaka 2012 Mwingereza wa Leicester, Eliot Higgins, alianza kuchunguza silaha za vita vya Syria kwa kutazama video za YouTube nyumbani kwake, akiwa hajui hata Kiarabu. Julai 2014 akaanzisha Bellingcat. Siku chache baadaye, tarehe 17 Julai, ndege ya Malaysia, safari ya MH17, ilidunguliwa mashariki mwa Ukraine na watu wote 298 waliokuwamo wakafa. Higgins na wenzake walikusanya picha ambazo watu wa kawaida walikuwa wamepiga za gari la makombora likipita mitaani. Wakalinganisha majengo, mabango na vivuli, wakajua kila picha ilipigwa wapi na saa ngapi, hadi wakalifuatilia gari lile kurudi nyuma kwenye kikosi cha jeshi la Urusi.

Kilichonigusa zaidi katika kisa hicho ni ushahidi mwingine. Mchana ule, ukurasa uliohusishwa na Igor Girkin, kamanda wa waasi waliosaidiwa na Urusi, ulijigamba kwamba wameangusha ndege ya mizigo ya Ukraine. Ilipojulikana kwamba iliyoanguka ni ndege ya abiria, majigambo yale yalifutwa, lakini watu walikwisha kuyahifadhi. Novemba 2022 mahakama ya Uholanzi ilimtia hatiani Girkin na wenzake wawili, bila wao kuwapo mahakamani.

Hapo nilimkumbuka babu. Wakati wa Vita vya Kagera, mwaka 1978 na 1979, babu alikuwa Bukoba na redio yake ya betri. Aliisikiliza Redio Tanzania, kisha akaitafuta Redio Uganda, jambo ambalo majirani hawakulipenda. Aliwaambia kwamba redio ya Amin haiwezi kusema imepoteza mji. Itataja mji mpya inaoulinda, nawe ukiujua ulipo, utajua mji wa nyuma yake umekwisha. Nilipokuwa mtoto nilidhani ni hadithi ya mzee.

Septemba 2022 nikaiona kanuni yake ikifanya kazi. Jeshi la Ukraine lilifanya shambulio la ghafla mkoani Kharkiv. Tarehe 10 Wizara ya Ulinzi ya Urusi ilitangaza kwamba vikosi vyake vya Balakliia na Izium vinajipanga upya na kuelekea Donetsk. Wakati huohuo wanablogu wa kijeshi wa Kirusi, watu wanaoiunga mkono vita kwa moyo wote, walikuwa wanaandika kwa uchungu kwamba mstari wa mbele umevunjika. Habari hiyo niliiamini, kwa kuwa iliwauma walioitoa. Baada ya Warusi kuondoka Izium, makaburi zaidi ya 400 yalikutwa msituni nje ya mji.

Kanuni ya babu haitoshi peke yake. Aprili ile, baada ya maiti za raia kuonekana mitaani Bucha, Urusi ilisema ni maigizo yaliyopangwa baada ya askari wake kuondoka. Zilisambaa video zilizodai kwamba maiti mmoja ananyanyua mkono. Waliozikagua waliona ni tone la maji kwenye kioo cha gari. Kisha picha za setilaiti za katikati ya Machi zikaonyesha miili katika Mtaa wa Yablunska, sehemu zilezile, wakati Warusi bado wanaushikilia mji. Hapo mkosaji hakukiri lolote. Ilibidi watu wakae na picha mbili, mtaa kwa mtaa, mwili kwa mwili. Kama wangekuwa wavivu kama nilivyokuwa mimi usiku ule, uongo ungepita.

Mdogo wangu alitoka Sumy tarehe 8 Machi. Pande mbili zilikubaliana njia ya kwenda Poltava, na mabasi yakawachukua wanafunzi, saa chache baada ya shambulio la anga lililoua watu mjini humo. Usiku akatuma ujumbe: "Tumefika Poltava." Mama mdogo alinipigia. Safari hii alianza kwa salamu, kisha akalia.

Mwaka mmoja baadaye, alipokuja likizo, nilimwonyesha daftari langu: safu ya chaneli za Ukraine, safu ya chaneli za Urusi, na safu ya tatu ya mambo ambayo upande mmoja umekiri dhidi yake wenyewe. Nikamuuliza, kule chini walikuwa wanaiamini ipi?

Alicheka kidogo. "Dada, chaji tuliitunza ya kumpigia mama. Asubuhi tulikuwa tunapanda juu kuangalia kama mlinzi wa bweni bado yupo. Yule mzee alikuwa na wajukuu palepale mjini. Tulisema, siku akiondoka, na sisi tunaondoka."

"Aliondoka?"

"Hakuondoka. Ndiye aliyetufungulia geti siku ya mabasi."