Njia ya Bagamoyo hadi Ujiji

Msafiri wa Reli ya Kati, akikaa dirishani kutoka pwani hadi Kigoma, huiona nchi ikibadilika mbele ya macho yake: minazi, kisha milima, kisha nyika kavu, kisha misitu ya miombo, na mwishoni Ziwa Tanganyika. Reli hiyo ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Walioijenga walifuata, kwa sehemu kubwa, njia iliyokwisha kukanyagwa kwa miguu kwa muda wa karne nzima. Njia hiyo ilitoka Bagamoyo ikaishia Ujiji, mwendo wa kilomita zipatazo 1,200. Hapana budi tujiulize: ni nani walioikanyaga?

Vitabu vingi tulivyosoma shuleni vilitaja majina machache: Burton na Speke, walioondoka pwani mwezi wa Juni 1857 na kufika Tabora, iliyoitwa pia Kaze, mwezi wa Novemba, na Stanley, aliyeondoka Bagamoyo mwaka 1871. Lakini wageni hao hawakuigundua njia. Waliongozwa kuipita. Wafanyabiashara wa Unyamwezi walikuwa wameshuka pwani na pembe za ndovu tangu mwanzoni mwa karne ya 19, wakarudi kwao na nguo za merikani na kaniki, shanga na waya za shaba.

Tuifuate njia hiyo kama alivyoifuata mpagazi. Kutoka Bagamoyo msafara uliyapita mashamba ya pwani, ukavuka mto Ruvu na kuingia katika misitu na vichaka vya Ukwere. Mbele ulikuwako uwanda wa Mkata, ambao wakati wa masika hugeuka kuwa kinamasi. Watu walitembea matopeni huku mizigo i vichwani. Baada ya hapo walipanda milima ya Usagara, kwenye baridi ya usiku, wakateremka Mpwapwa kupumzika na kununua chakula. Mapumziko hayo yalikuwa ya lazima, kwani mbele yao ilikuwa nyika ya Marenga Mkali, ambayo jina lake lenyewe lilimwonya msafiri juu ya ubaya wa maji yake.

Kisha misitu na milima ikaachwa nyuma, na nchi ikafunguka. Ugogo ni nchi ya uwanda mpana, nyasi, mibuyu na mifugo. Huko maji yalikuwa mali kuliko nguo. Watemi wa Kigogo waliutoza kila msafara ushuru ulioitwa hongo, na wageni wengi waliulalamikia katika maandishi yao wakiuita unyang'anyi. Tukilitazama jambo hilo kwa macho ya wenyeji, tutaona vingine. Msafara wa watu mamia ulipofika kisimani uliweza kuyamaliza maji ya kijiji kizima, na mtama ulionunua ulitoka katika ghala la mkulima ambaye mvua yake haikuwa na hakika. Hongo ilikuwa haki ya mwenye nchi. Katika Kiswahili cha leo neno hilo lina maana ya rushwa. Mwanafunzi na atafakari jinsi neno la heshima liwezavyo kugeuka kuwa neno la aibu.

Baada ya Ugogo ilifuata nyika ya Mgunda Mkali, iliyoogopwa kwa uhaba wa maji na chakula. Mwisho wake ulikuwa furaha kwa Mnyamwezi, maana aliingia katika miombo ya kwao. Kutoka Tabora waliokwenda mbele waliuvuka mto Malagarasi kwa mitumbwi, wakafika Ujiji ufukoni mwa ziwa.

Katika mwendo huo wote mpagazi alichukua mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo 32, na mara nyingine zaidi. Mbele alitangulia kirangozi na bendera. Wake za wapagazi nao walisafiri, wakipika na kubeba. Wengi wa wapagazi walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira na posho. Posho ilipopunguzwa, walijua kuweka mizigo chini na kukataa kuendelea mpaka wasikilizwe.

Hata hivyo, tusiipambe historia. Katika njia hiyo hiyo walipita watu waliofungwa minyororo, waliotekwa na kuuzwa. Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini mwaka 1873, na mwaka 1876 akapiga marufuku misafara ya watumwa barani. Ni kosa kumfanya kila mpagazi kuwa mtumwa, kwa maana tunamnyima ustadi wake na fahari ya kazi yake. Ni kosa pia kuimba sifa za wapagazi na kuwasahau waliopita hapo wakilia. Wote wawili ni wazee wetu.

Maisha ya Chuma yanatuonyesha pande hizo zote mbili. Alikombolewa utotoni kutoka mikononi mwa wauza watumwa mwaka 1861. Livingstone alipokufa mwaka 1873, katika nchi iitwayo sasa Zambia, Chuma na Susi pamoja na wenzao waliuchukua mwili wake hadi Tabora. Huko Mwingereza Cameron aliwashauri wamzike palepale. Walikataa. Waliendelea kwa miguu, wakafika Bagamoyo mwezi wa Februari 1874. Uamuzi huo ulikuwa wao wenyewe.

Misafara ilikoma reli ilipokuja, lakini yaliyojengwa njiani hayakukoma. Utani wa Wanyamwezi na watu wa pwani kama Wazaramo unahusishwa na safari hizo: aliye mbali na kwao alipata mtani wa kumpa chakula, na ikibidi, wa kumzika. Kiswahili nacho kilisafiri na mizigo, kikawa lugha ya kambini na sokoni, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, muda mrefu kabla ya kuwa lugha ya taifa.

Basi mwalimu afundishapo njia hii, asiwape wanafunzi majina ya wageni peke yake. Awaonyeshe kwenye ramani Mkata, Mpwapwa, Ugogo na Mgunda Mkali, na katika kila kituo awaulize: hapa maji yalitoka wapi, na nani aliyabeba? Majina ya wengi hatutayapata kamwe. Lakini kazi yao tunaijua, na lugha waliyoieneza ndiyo tunayoitumia kuwakumbuka.