Usiku Rais Alipokataliwa

Wengi wetu tukisikia Ikulu ya Marekani, tunamwona mtu mmoja akitoa amri na dunia nzima ikitetemeka. Ndugu msomaji, hebu tuingie ndani tuone kazi zinavyopangwa.

Katiba yao, iliyoandikwa mwaka 1787, inamkabidhi Rais mmoja mamlaka yote ya utendaji. Baraza la mawaziri halitajwi kwa jina. Inasemwa tu kwamba Rais aweza kuwataka wakuu wa idara watoe maoni kwa maandishi. George Washington alianza mwaka 1789 na wizara tatu: Mambo ya Nje, Fedha na Vita, pamoja na Mwanasheria Mkuu. Leo wizara ni 15. Waziri haruhusiwi kuwa mbunge. Rais humteua, Seneti humhoji na kumpitisha, lakini Rais akimchoka humwondoa bila kuomba ruhusa ya mtu.

Sasa mimi najiuliza: bosi akiwa mmoja, nani atamchunguza bosi?

Juni 1972, watu watano walikamatwa usiku ndani ya ofisi za chama cha Democratic, jengo la Watergate, mjini Washington. Nyayo zikaanza kuelekea Ikulu kwa Richard Nixon. Mwaka uliofuata Elliot Richardson, akihojiwa na Seneti ili awe Mwanasheria Mkuu, aliahidi kuweka mchunguzi maalumu na kutomwondoa bila kosa kubwa. Akamweka Archibald Cox. Basi Cox akadai kanda za mazungumzo ambayo Nixon alikuwa akiyarekodi kimyakimya ofisini. Hapo moto ukawaka.

Jumamosi, Oktoba 20, 1973, Nixon akaamuru Cox afukuzwe. Kwa kanuni, wa kumfukuza ni Mwanasheria Mkuu. Richardson akakataa, akajiuzulu. Amri ikashuka kwa naibu wake, William Ruckelshaus. Naye kagoma, akaondoka. Ikashuka hadi ngazi ya tatu, kwa Robert Bork, wakili wa serikali katika Mahakama ya Juu. Bork akatia saini. Baadaye alijieleza kwamba ilibidi mtu abaki, wizara isikose kichwa.

Wapo watakaosema, sasa wale wawili walifanya nini, si Cox kaondoka vilevile? Mie sikubali. Kukataa kwao kuliwaonyesha wananchi kwamba amri ile ina walakini. Telegramu za hasira zilimiminika Washington. Nixon akalazimika kukubali mchunguzi mwingine, Leon Jaworski, naye akazidai kanda zilezile. Julai 24, 1974, majaji wanane wa Mahakama ya Juu, bila hata mmoja kupinga, walimwamuru Rais azitoe. Agosti 9 Nixon akajiuzulu.

Ukiuchora muundo wa serikali ile karatasini, unapata visanduku na mistari tu. Rais juu, mawaziri chini, manaibu chini zaidi. Mchoro haukuonyeshi kwamba ndani ya kila kisanduku mna mtu aliyekula kiapo, na kiapo chenyewe ni cha kuilinda Katiba, si cha kumlinda Rais.

Waandishi wenzangu, tukiandika habari za wakubwa, kalamu zetu hukimbilia kwa mkubwa mwenyewe. Tumtazame na yule naibu, saa amri inapotua mezani kwake na simu inasubiri jibu.