Hadi Diski Imekufa lakini Bakapu Uko Nayo? Hivi Ndio Unarudisha Faili Zako, Hata Ukiwa Kizingitini

Wasee, kuna sauti moja hakuna mtu hupenda kuskia: laptopu inagonga tik, tik, tik, halafu kioo kinabaki cheusi. Hiyo ni hadi diski inakuaga. Kama ulikuwa na bakapu, pumua. Lakini usidhani kazi imeisha, juu watu wengi hupoteza faili zao baada ya diski kufa, wakati wanarudisha.

Ukiwa Nairobi, unashuka Luthuli Avenue na jioni uko na diski mpya. Ukiwa Kizingitini, kule kaskazini mashariki mwa kisiwa cha Pate, hiyo ni story ingine kabisa. Mzigo unatoka Mombasa na basi hadi Mokowe, unavuka na boti hadi Lamu, halafu unapanda boti ingine ya kwenda Pate. Na boti ikitaka kupita Mkanda, kile kijia cha bahari kati ya Manda na bara, lazima ingoje maji yajae. Ukiitisha diski isiyo size ya mashine yako, safari yote hiyo inaanza upya na doh imeenda.

Na kule pia watu wako na vitu za maana kwa mashine. Mwalimu ako na alama za watoto. Wavuvi wako na rekodi za kilo za samaki na kamba zilizopimwa msimu mzima. Msee wa kamera ako na video za harusi za watu, na bibi harusi hawezi itwa akae kwa jukwaa tena juu diski yako imekufa.

Kabla hujaitisha diski mpya

Fungua mashine uangalie ile ya zamani. Laptopu za kitambo hutumia diski ya inchi 2.5, na zingine hazikubali nene kuliko milimita 7. Kompyuta ya mezani hutumia ya inchi 3.5. Laptopu nyingi za siku hizi ziko na kale kakipande kembamba kanaitwa M.2, na hapo ndio ngori iko: kuna M.2 ya SATA na kuna ya NVMe, zinafanana kama mapacha lakini mashine inaweza kataa moja. Piga picha ya kibandiko cha diski ya zamani utumie muuzaji kwa WhatsApp. Hiyo picha inaokoa nauli.

Kama mfuko unaruhusu, chukua SSD. Haina sahani inayozunguka, so haiumii sana boti ikirushwa na mawimbi ama laptopu ikianguka. Ukubwa usiwe chini ya ile ya zamani, hasa kama bakapu yako ni ile picha nzima ya Windows, juu ile ya Windows yenyewe hukataa kurudi kwa diski ndogo. Na usianze vita na muuzaji ukiona diski ya 1TB inaandika 931GB. Hujaibiwa. Kiwanda kinahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024.

Na kama ile ya zamani bado inapumua kidogo, na bakapu yako ni ya miezi tatu iliyopita? Nakili zile faili mpya za maana kwanza, halafu uzime. Usiiwekee chkdsk, hiyo inaichosha tu zaidi. Na ile stori ya kuweka diski kwa frija, achana nayo kabisa. Kwa hewa ya pwani yenye unyevu na chumvi, ukiitoa tu inaanza kutoa jasho ndani.

Bakapu ikae mbali kwanza

Hapa ndio watu huchomeka. Unaweka diski mpya, unachomeka flashi ya Windows (ya 8GB inatosha), na bakapu yako ya USB iko pale pale imechomekwa. Installer inakuonyesha Disk 0, Disk 1, Disk 2, zote hazina jina la maana. Unafuta moja. Unagundua umefuta bakapu. Manze, hiyo ni kifo cha pili.

So bakapu ikae kwa droo hadi Windows imalize kuingia. Ukiulizwa namba ya leseni na huna, chagua kuwa huna, uendelee: kama Windows 10 ama 11 ilikuwa imeamilishwa kwa hiyo mashine, leseni kawaida imefungwa kwa madabodi, si kwa diski, na itajitambua ukiingia mtandaoni. Ila hakikisha umeweka toleo lile lile, Home kwa Home ama Pro kwa Pro. Na kumbuka Microsoft ilimaliza kuisapoti Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, so kama mashine inaweza kubeba 11, huu ndio wakati.

Windows ikiingia, ifanyie apdeti. Sasa ndio uchomeke bakapu, uiskani virusi, halafu kabla hujafungua kitu yoyote, tengeneza kopi ya pili ya hiyo bakapu. Diski yako ya kwanza ilikufa, umeelewa? Saa hii bakapu si bakapu tena. Hiyo ndio orijino, na ni moja.

Kama diski ya bakapu ilifungwa na BitLocker, utaitishwa paswadi ama ile namba ya tarakimu 48. Kwa wengi ile namba iko kwa akaunti ya Microsoft. Kama uliihifadhi kwa faili ndani ya diski iliyokufa, pole sana, hakuna fundi wa kukusaidia.

Kurudisha zenyewe

Bakapu ya kuburuta mafaili kwa mkono ndio rahisi: unaburuta kurudi. Lakini kwa folda kubwa, kuburuta kunaweza kukwama katikati na usijue gani imeingia na gani imebaki. Tumia robocopy, iko tayari ndani ya Windows. Mfano:

robocopy E:\Bakapu D:\Kazi /E /COPY:DAT /R:2 /W:5 /LOG:D:\ripoti.txt

/E inachukua folda zote za ndani. /COPY:DAT inabeba faili na tarehe zake. /R:2 inaiambia ijaribu mara mbili tu faili ikikataa, juu usipoiambia itajaribu mara milioni moja na wewe uko hapo umekaa. Stima ikipotea katikati, unarudia amri hiyo hiyo na inaruka zile zimeingia tayari. Kuna jamaa mtandaoni watakuambia uweke /MIR. Usiweke. Hiyo hufuta kila kitu upande wa pili ambacho hakiko upande wa kwanza, na ukigeuza E na D kwa bahati mbaya, kwisha.

Muda wa kungoja? Piga hesabu ya 200GB. Kwa USB ya kitambo, spidi ya kawaida ni kama megabaiti 30 kwa sekunde, so karibu saa mbili. Kwa USB 3 yenye megabaiti 100, ni kama nusu saa. Sasa kama bakapu yako yote iko klaudi na intaneti yako ni 10Mbps, hiyo ni saa 44 bila kukatika. Na kukatika kupo: Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipoharibika, Afrika Mashariki yote ilijua. Ukiwa kisiwani na unategemea bando za simu, shusha zile unahitaji wiki hii, picha za 2017 zitangoja.

Ukipata “Access denied” kwa faili zako mwenyewe, usipaniki. Windows mpya imekupa utambulisho mpya hata kama jina ni lile lile, kwa hivyo inakuona mgeni. Bonyeza folda kwa kulia, Properties, Security, Advanced, badilisha Owner awe wewe.

Maprodyusa na maedita, hii ni yenu. Ukifungua projekti na iseme media offline ama sampuli zimepotea, mara nyingi hazijapotea. Projekti inakumbuka njia ya zamani, tuseme D:\Harusi, na sasa faili ziko F:\Harusi. Ingia Disk Management, ipe diski ile herufi ilikuwa nayo, ufungue tena. Kazi ya dakika mbili.

Halafu kuna folda imejificha inaitwa AppData, ndani ya folda ya jina lako. Alamisho za brauza na seti nyingi za programu hukaa huko. Watu hurudisha Documents na Pictures, wanasahau hiyo, na wanasahau Desktop na Downloads, mahali ndio kazi yote hukaa.

Ukimaliza, kuona jina la faili si kuona faili. Linganisha idadi ya faili na baiti kwa Properties, bakapu na mpya. Fungua ya zamani, ya katikati na ya juzi. Video iruke hadi katikati uicheze. Kwa ile ya maana sana, andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256, kwa kopi zote mbili. Zikilingana ni sawa.

Hata wakubwa huchomeka

Mwaka 1998, Pixar wakitengeneza Toy Story 2, mtu alipiga amri moja ikafuta sehemu kubwa ya filamu. Wakaenda kwa bakapu, kumbe bakapu ilikuwa haifanyi kazi na hakuna mtu aliwahi kuijaribu. Filamu iliokolewa na Galyn Susman, aliyekuwa na kopi kwa mashine nyumbani juu alikuwa amejifungua na anafanyia kazi huko.

Na karibu na Kizingitini? Hati za kale za msikiti wa Riyadha pale Lamu zilipigwa picha za dijitali chini ya mradi wa British Library wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini. Oktoba 2023 wahalifu wa Rhysida wakavamia maktaba hiyo ya London, na mikusanyo ya mtandaoni ikakaa muda mrefu bila kufunguka. Lakini taratibu za mradi huo hutaka hati zenyewe zisitoke nchini mwake, na kopi ya dijitali ibaki huko. Server za London zikilala, karatasi bado ziko Lamu.

Hesabu ni hiyo hiyo kwako: kopi tatu, kwa vifaa viwili tofauti, moja ikae nyumba ingine. Hiyo ya mwisho kule Pate si mchezo. Moto wa Faza mwaka 2009 ulikula mamia ya nyumba, na diski ya bakapu ikikaa kando ya laptopu zinaungua pamoja. Peleka moja kwa shangazi kijiji cha pili, ndani ya kopo lenye kifuniko cha kukaza na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu. Google Drive ya bure ni 15GB, inatosha kwa makaratasi, si kwa video. Na ukifuta faili hapo inafutika kila mahali, inakaa takatakani siku 30 tu. Flashi ya “2TB” ya bei ya chipsi nayo ni feki, itakubali faili zako zote na irudishe chache.

Ile diski iliyokufa usiitupe baharini wala usimwachie fundi. Iweke mwezi mmoja ama miwili, hadi uwe na uhakika hakuna kitu kimebaki nyuma. Halafu itoboe na drili sahani zote, juu namba zako za M-Pesa na picha ya kitambulisho bado ziko humo ndani.